Kengele Ninayoiombea Kimya

Kwanza umeme.
Kabla ya ngazi, kabla ya bisibisi,
zima swichi kuu, ufunguo utie mfukoni mwako,
kisha usiamini: gusa waya kwa testa.
Hivyo namwambia Chivatsi kila mara,
naye hujibu, "Fundi, ushaniambia,"
nami namwambia tena.
Mkono wangu wa kushoto una kidole kisichokunja.
Kiliamini "nimeshazima" ya mtu mwingine.

Jumba ni la ghorofa nne, huku Guraya.
Chini jiko la Mwanaesha, viazi karai na bajia,
juu yake duka la magodoro,
juu yake wapangaji, na juu kabisa
Bi Shamsa, asiyesikia tangu surua ya utotoni.

Nilipofika nilikuta vidude saba darini,
vitano maiti.
Kimoja kimepakwa rangi pamoja na dari,
kimoja mjusi kafiri ametagia ndani,
kimoja betri yake imehamia kwenye rimoti,
na cha jikoni kimevishwa soksi ya mtoto.
"Kinanipigia kelele nikikaanga," alisema Mwanaesha,
"utadhani mke mwenza."
Kosa halikuwa lake, wala la kidude.
Ni la aliyekitundika juu ya karai.
Nikakihamishia ujiani, mbali na mvuke na feni,
pale ngazi zinapoanzia,
maana moshi nao hupanda ngazi
na haupigi hodi.
Jikoni nikaweka cha kuhisi joto,
kisichoshughulika na harufu ya bajia.

Mji huu chumvi haikai baharini tu.
Huingia na upepo hadi ndani ya kuta,
huota ukijani kwenye shaba.
Kila miezi mitatu nafungua, napangusa kwa brashi laini,
nakaza skrubu,
naandika tarehe kwenye daftari lililoning'inia kando ya mita.
Bwana Twahir, mwenye nyumba, asema daftari ni urembo,
na betri ya paneli ni pesa ya kutupa.
"Hapa moto ulizuka lini?"
Sikuwa na jibu.
Kazi yangu ikifanikiwa, hakuna kinachotokea.
Nikangoja umeme ukatike, na Mombasa hukungoji sana,
nikamshika mkono hadi mbele ya paneli.
Giza. Hata kile kitaa cha kijani.
"Sasa hivi," nikamwambia, "jumba zima ni kiziwi."
Alilipa kesho yake, akinung'unika.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi
napita mlango kwa mlango:
nitaliza, msishtuke, ila shukeni.
Mara ya kwanza kabisa, king'ora kililia
njiwa wakahama paa,
watoto wakaziba masikio wakicheka,
mtu wa magodoro akaja kuondoa mzigo aliouziba nao mlango,
na mpangaji mmoja akashuka na kikombe chake cha chai.
Barabarani tukahesabu: ishirini na sita.
Tukahesabu tena.
Bi Shamsa alikuwa juu, anakuna nazi,
mgongo kaupa mlango.
Mimi niliyeamsha mtaa mzima
sikumfikia mtu mmoja.

Usiku ule sikula vizuri.
Wiki ya pili nikampandishia taa nyeupe ya kumeta
na kidude cha kutetemeka chini ya mto.
Chivatsi alishika ngazi. Mimi nilizima swichi,
nikagusa waya kwa testa.

Mwezi huu alishuka wa kwanza,
buibui kajitupia begani, kifuu bado mkononi.
Akanigonga, akaonyesha juu,
akafumba na kufumbua vidole: nimeiona, nimeiona.
Kisha akageukia mlango
akaanza kuwapigia makofi wanaochelewa.

Ishirini na saba.
Nikazima, nikaandika tarehe.
Chivatsi akauliza kama tumemaliza.
Nikamwambia, rudisha ngazi, tuanze na kile cha mjusi.